Kabari ya Mpira

Siku ya kwanza melini, Bibi aliwaita wajukuu wake wawili mbele ya baba yao, akawapa zawadi za safari. Mdogo alipata kifuko cha gololi. Mkubwa, msichana wa miaka kumi na saba anayelala na simu kama mume, alipata kabari ya mpira, ile ya kusukumiwa chini ya mlango.

Baba yao alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, sasa umezeeka kweli. Hii ndiyo zawadi ya binti?"

"Akili yangu ndiyo imefika hapo, mkwe wangu," alisema Bibi, akacheka naye kwa meno machache yaliyobaki.

Bibi aliwahi kukaa kwa mkwe huyo, akajionea. Kila mlango ulikuwa na ufunguo wa pili, na funguo hizo zote zilikaa mfukoni mwa mwanamume. Mkewe, binti wa Bibi, hata akijifungia chooni, kipigo kilimfuata humohumo. Na hapa melini ndiye aliyelipia safari, kwa hiyo kadi yake ya mlango ilifungua vyumba vyote vya familia. Katikati ya bahari mtu akimbilie wapi?

Kesho yake mchana, wakila, mkewe alicheka na mhudumu. Kicheko kimoja tu. Mume alimkamata kiwiko, akamnyanyua kitini kama mzigo, wakaondoka. Bibi alimshika mkono mjukuu mdogo, akawafuata kwa mwendo wake wa goti bovu. Alipofika kwenye ujia, alisikia ukuta wa bati ukigongwa, tena na tena. Kilichokuwa kinagonga ni kichwa cha mwanawe.

Mlango ukafunguka. Mwanawe akatoka anatambaa, damu puani, sikio limechanika palipokuwa na hereni. Mjukuu mkubwa, aliyekuwa amebaki na simu yake, akachomoka kutoka chumba cha pili, akamburuta mama yake ndani, akabamiza mlango.

"Kabari!" Bibi alipiga ukelele. "Mjukuu wangu, kabari!"

Mkwe akaja akihema. Akagusisha kadi yake, taa ikawaka kijani, kufuli ikaachia. Mlango ukasogea upana wa ukucha, ukagoma. Akaupiga bega. Akaupiga teke. Akang'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akaanza kuutwanga.

"Leo nakuua! Na huyo mtoto namuua!"

Ubao ukapasuka.

"Utaumia mgongo, mkwe wangu," alisema Bibi.

Kofi likamlaza sakafuni, na jino moja likamtoka kati ya yale machache. Pale pale chini akanyoosha mkono kwa mjukuu mdogo. "Lete gololi zako, mama."

Mkwe alirudi nyuma, akainua mtungi juu ya kichwa, akauendea mlango mbio. Bibi akamwaga kifuko chote. Miguu ya mwanamume ikaenda kila mmoja na safari yake, kidevu kikapiga kizingiti cha chuma, mtungi ukamfuata mdomoni. Taya likalia kama kuni kavu.

Walinzi walimkuta anagugumia damu. Wakamfunga mikono, akabidhiwe polisi bandarini.

"Gololi za nani hizi?" mlinzi aliuliza.

Bibi akatema damu. "Watoto wa siku hizi, mwanangu. Hawaokoti vitu vyao."

Kisha akagonga mlango kwa kidole. "Ni mimi."

Kabari ikachomolewa. Aliyeishika alikuwa mwanawe, ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Mama," mjukuu mkubwa alinong'ona, "hiyo ni zawadi yangu."

"Mwache nayo," alisema Bibi. "Wewe nitakununulia nyingine."