Mkono wa Lionel Strake

Enoch Pargeter hakuwa mwongo. Miaka thelathini na mmoja alishika spana kwenye mabanda ya ndege, na katika miaka hiyo yote alisema uongo mmoja tu wa maana. Aliusema mbele ya kamati ya uchunguzi, akiwa amevaa suti yake ya kanisani.

Mambo yalikuwa hivi. Kiwanda chao pale Wiltshire kilikuwa kimeunda ndege mbili za kivita za jeti, za mwanzo mwanzo kabisa, wakati ambao wakulima wa jirani walikuwa bado wanauliza propela, lile panga la mbele linalozunguka, imekwenda wapi. Ile ya kwanza alikuwa akiijaribu Lionel Strake. Jumatatu moja ya Machi, Strake alikuwa anarudi kutua, magurudumu yameshatoka, anageuka kushoto juu ya shamba la viazi, moto wa injini ukazimika. Futi mia nne. Kwa urefu huo hata mwavuli haupati muda wa kufunguka. Walimzika Ijumaa, mvua ikinyesha.

Sasa, injini hizi za jeti zilikuwa na deko kuliko mtoto wa mwisho. Zinakunywa mafuta ya taa, yale yale ya kandili, lakini ukizinywesha kwa pupa zinapaliwa, moto unazimika, na ukishazimika angani hauwashiki tena. Rubani aliyekulia kwenye propela amezoea kusukuma wenzo wa mafuta mpaka mwisho kwa mara moja, na injini inamwitikia. Kwenye jeti mazoea hayo yanaua. Ndiyo maana Pargeter alikuwa na somo moja kwa kila rubani mpya, awe na nishani asiwe nazo: sukuma huku unahesabu mpaka kumi, kwa sauti, nikusikie.

Kamati ilikuwa na njia mbili tu. Ama fundi aliirekebisha vibaya pampu ya mafuta, na sahihi ya fundi ilikuwa ya Pargeter. Ama rubani aliuharakisha mkono. Wakamuuliza Pargeter mkono wa Strake ulikuwaje. Angeweza kusema kweli, kwamba ulikuwa mwepesi na wa subira kuliko mikono yote aliyoifundisha. Lakini mtu ana miaka hamsini na sita, ana jina lake, ana woga wake. Akajibu kwamba ulikuwa mzito kidogo, kama wa watu wote wa propela. Karani akaandika. Ripoti ingetiwa sahihi Ijumaa ya wiki iliyofuata, na ikishatiwa sahihi, Strake angebaki milele mtu aliyejiua kwa haraka zake.

Jumatano, siku mbili kabla, Gervase Thorold aliingia bandani na kikombe cha chai akaketi juu ya sanduku la vifaa. Thorold ndiye aliyekuwa rubani wa ndege ya pili, mrefu, mwembamba, masikio yamesimama. Alishaanguka na ndege mara tatu na kila mara alitoka akilalamika juu ya soksi zake. Watu wa namna hii, jamani, usiwaone wanacheka ukadhani hawaogopi. Wanaogopa sana, ila woga wao wameupa kazi ya kufanya. Alikuwa pia msimamizi wa harusi ya Strake.

Akaeleza alichotaka. Pampu ya ndege ya pili irekebishwe sawasawa na ile ya kwanza, tone kwa tone. Kesho yake angepanda mpaka futi elfu kumi na tano, arudie kila alichofanya Strake siku ile, mkono wake ukienda polepole kama ulivyofundishwa. Moto ukizimika huko juu, basi kosa si la mkono wala la spana, ni la ndege yenyewe.

Pargeter akajifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwambie fundi mwenzangu Hobday atie sahihi," akasema. "Mkono wangu una nuksi siku hizi."

"Hobday hata baiskeli yake inamshinda."

"Bwana Thorold, sifanyi mzaha."

"Wala mimi. Nilikuwemo kwenye kile chumba, mzee. Nilisikia ulichosema juu ya Lionel." Akanywa chai yake. "Nataka sahihi yako."

Pargeter alitamani sakafu impasukie. Afadhali angetukanwa, angejua pa kushika. Huyu mtu anajua kila kitu, na bado anakuja kuiweka roho yake mikononi mwa Pargeter. Alifanya kazi mpaka jioni, akaipima pampu mara nane, akatia sahihi.

Alhamisi asubuhi majani yalikuwa meupe kwa baridi. Pargeter mwenyewe alimfunga rubani mikanda, akamfunga kijidaftari gotini, na penseli kwa uzi ili isianguke. Thorold akamwambia akirudi akute chai, yenye sukari ya kweli, si ile ya mgao, ya kuonyeshwa tu. Kisha kifuniko cha kioo kikafungwa.

Kwenye chumba cha redio walisimama wakubwa wote wa kiwanda, na Pargeter mlangoni, kofia mkononi. Sauti ya Thorold ilitoka kavu, haina haraka, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua. Ndio ulikuwa utaratibu wao wote wa majaribio: unachokiona kiseme, ili usiporudi wewe, angalau kirudi ulichokiona. Mara ya kwanza aliruka moja kwa moja, akahesabu moja mpaka kumi, injini ikaitika. Mara ya pili akageuka kulia, magurudumu nje, akahesabu mpaka kumi, injini ikaitika tena.

Hapo Pargeter aligundua jambo lililomchukiza. Kipande cha moyo wake kilikuwa kinaomba injini iitike na mara ya tatu, aonekane alisema kweli. Alijichukia, akaishika kwa nguvu fremu ya mlango.

Mara ya tatu Thorold alisema tangi limeshuka chini ya nusu, kama la Lionel siku ile. Anageuka kushoto, pua chini, ndege inateleza kidogo ubavuni. "Moja," akasema. "Mbili. Tatu. Nne."

Hesabu ikakatika. Walisikia upepo tu.

"Moto umezimika," sauti ikasema. "Kwenye nne. Andikeni hivyo hivyo, kwenye nne."

Mkubwa mmoja alinyakua kipaza sauti akamwamuru aruke na mwavuli. Thorold akamjibu kwa adabu kwamba hataruka. Ndege ikipondeka, kamati itaandika kwamba naye alikuwa na mkono mzito. Tangi linatakiwa lifike chini zima, na mafuta yake ndani. Kisha akaendelea kusoma futi zake: elfu tisa, elfu saba, elfu nne.

Wote walitoka nje. Jeti isiyo na moto haina ngurumo, na hilo ndilo lililowatisha, maana walikuwa wamezoea kuisikia kabla ya kuiona. Ilitokea juu ya miti ikipiga mluzi kama birika, magurudumu nje. Alikuwa na nafasi moja tu, hakuna kusukuma wenzo na kuzunguka tena. Akavuka ua wa miiba, akagusa lami, akapita mwisho wa lami, akaingia kwenye majani na kusimama hatua mbili kabla ya mtaro. Pargeter, na magoti yake mabovu ya uzee, alifika wa kwanza.

Thorold alikuwa bado ameketi, penseli mkononi. "Usiguse kitu," akasema. "Leta taa, tufungue tangi."

Walifungua. Mafuta yalikuwemo, tena mengi. Lakini mdomo wa bomba la kuyafyonza ulikuwa umewekwa upande wa kulia, na walipoliinamisha tangi kushoto mafuta yalikimbilia kule, mdomo ukabaki juu mkavu, unavuta hewa. Kazi yao ilikuwa kuijaribu injini chini, ndege imefungwa minyororo, mabawa sawasawa. Miezi sita wameijaribu hivyo, kila siku, kwa uangalifu mkubwa, na kila siku injini ikaitika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kuiinamisha.

Alasiri kamati ilipewa nakala ya ukurasa wa kijidaftari. Ukurasa wenyewe Thorold aliuchana gotini akampa Pargeter, akasema ni wa Muriel, mjane wa Strake.

"Mpelekee wewe," Pargeter akasema. "Ni rafiki yako."

"Mimi sikusema kitu juu ya mumewe, mzee." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma.

Basi alivaa suti yake ya kanisani akapanda baiskeli maili nne. Muriel Strake alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Pargeter hakungoja kukaribishwa. Alisema yote kwa pumzi moja pale kizingitini, kwamba mkono wa Lionel haukuwa mzito, kwamba alijua, kwamba aliogopa. Akampa karatasi.

Muriel aliisoma. Ilikuwa na maandishi ya penseli: moja, mbili, tatu, nne, halafu mstari mtupu. Vidole vyake vikaacha unga pembeni.

"Lionel alikuwa anahesabu hata akifungua bomba la jikoni," akasema. "Kwa sauti, mpaka kumi. Nikawa namfokea kwamba birika linangoja. Anasema, subiri, mzee Pargeter atanisikia."

Akasogea, akafungua mlango wote, akamwambia aingie, chai ilikuwa tayari. Pargeter alisimama pale na kofia yake, akashindwa kuinua mguu.