Jirani wa Kuogopwa

Philomène hakuwa mtu wa kuanza siku bila kupiga magoti. Jogoo akiwika, kabla hajawasha moto wala kumnyonyesha mwanawe Timothée, alinyunyiza maji ya baraka kizingitini, akafanya ishara ya msalaba, akasali kwa sauti kama katekista Wenceslas alivyomfundisha.

"Baba, siku hii iko yako. Utupe amani ndani ya nyumba. Malaika wako asimame mulangoni, mubaya asivuke. Umulinde Hilaire katika safari, umulinde mutoto."

Kisha aliongeza maneno yake mwenyewe, ambayo katekista hakumfundisha: "Na utuokoe na huyu jirani wa jicho baya. Amina."

Jirani mwenyewe alikuwa Mama Adèle, mjane mzee wa watu wa mto, aliyetoka upande wa Yanonge. Kibanda chake kilibanana na nyumba ya Philomène hata mbuzi hakuweza kupita katikati. Watu wa mtaa wao wa Lubunga walimsema sana. Anaongea peke yake. Amezika mume, amezika watoto wote, yeye amebaki. Mtu wa namna hiyo amebakije, kama si kwa kuwala wenzake kwa uchawi? Philomène naye alikuwa amezika watoto wawili kabla ya Timothée, na hofu ikishaingia moyoni mwa mama haiulizi ushahidi. Walipokutana njia ya mtoni alimfunika mtoto uso kwa kitenge, akapita upande wa pili.

Mwaka ule mvua zilikuja na homa. Constant, mvuvi mmoja wa mtaa huohuo, alimpoteza René, mtoto wake wa pekee. Hata matanga hayajaisha, akaenda kwa mganga, na mganga akamwambia: tafuta mtu anayelala peke yake karibu na njia ya mto. Hakutaja jina. Hakuna aliyehitaji kutajiwa.

Hilaire, mume wa Philomène, alikuwa mtia kuni kwenye treni ya Ponthierville, na asubuhi ya Jumamosi iliyofuata hakuwa amerudi. Mbingu ilikuwa nzito, haina upepo. Philomène alikuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba aliposikia kelele za wanaume waliosaka mchawi zikipanda kutoka bandarini: "Ndoki! Ndoki atoke!" Akatupa mchi, akakimbilia ndani alikolala mtoto.

Akamkuta Mama Adèle amechuchumaa kando ya kitanda, kichwa wazi, mguu mmoja unatoka damu. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda, karibu kabisa na miguu ya Timothée.

Philomène alimnyakua mtoto hata akaamka analia.

"Toka!" alisema. "Toka katika nyumba yangu!"

"Mutoto yangu, unifiche. Wanakuja kuniua."

"Kwa nini kwangu? Nyumba zote hizi, kwa nini kwangu?"

Mzee alimtazama. "Kwa sababu hapa watu wanasali. Kila asubuhi nakusikia kupitia ukuta. Mimi sina mutu wa kusali naye, basi ukimaliza, na mimi nasema Amina."

Philomène alihisi uso wake unawaka moto. Kelele zilikuwa zimefika kwenye ua wa jirani. Mlango wa kibanda cha Adèle ulisikika ukivunjwa, vyungu vikipasuka.

"Unasikia yote?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hata maneno ya mwisho?"

"Hata yale."

"Na unasema Amina?"

"Nasema. Kama niko mubaya, Mungu akulinde na mimi. Kama siko mubaya, anajua."

Philomène alisimama pale na mtoto kifuani, asijue la kufanya. Akimtoa mzee nje, jambo lingekwisha upesi, na hakuna mtu Lubunga nzima ambaye angemlaumu. Akimficha, wangesema wamekula watu pamoja. Alitaka kuomba, maneno hayakuja. Kilichokuja ni kwamba kwa miezi mingi alikuwa amemshitaki mwanamke huyu mbele za Mungu, na mwanamke amemjibu kwa Amina.

"Kaa chini ya kitanda," alisema. "Usitoke."

Akaenda mlangoni. Constant alikuwa amekwisha fika, panga mkononi, macho mekundu, na nyuma yake wanaume wengine, baadhi yao akiwajua kwa majina kutoka kanisani. Nyuma zaidi walikuja wanawake, na kati yao Delphine, mke wa Constant, kichwa kimenyolewa kwa msiba.

"Mama Timothée, iko ndani?"

Hakutaka kusema uongo. "Iko ndani."

"Bon. Toka na mutoto wako. Hatuna matata na wewe."

Alipiga magoti palepale kizingitini, mtoto mkononi, akaziba mlango wote.

"Ondoka!" Constant alipiga panga kwenye mwimo wa mlango, karibu na bega lake. Kipande cha mti kiliruka. Timothée akapiga kelele.

Philomène alifanya ishara ya msalaba. "Baba," alianza, na sauti ikakatika. Akaanza tena. "Baba, tumekuletea René wa Constant na Delphine. Alikuwa mutoto muzuri. Alianza kutembea juzi tu. Umupokee. Uwatazame baba yake na mama yake, nyumba yao iko kimya..."

"Nyamaza!" Constant alifoka. "Usitaje jina yake!"

"...nyumba yao iko kimya, na moyo unauma. Uwalinde na hasira, isiwale wao nao. Utulinde sisi wote wa mutaa huu na damu leo."

Panga lilikuwa bado juu. Philomène aliliona kwa pembe ya jicho, akafumba macho kwa sababu hakuweza kulitazama na kuendelea kusema. Akaanza Salamu Maria. Alifika nusu, na hakujua kama angemaliza.

Ndipo sauti ya mwanamke ikaipokea nusu ya pili. Alipofumbua macho, Delphine alikuwa amepita katikati ya wanaume, amepiga magoti kwenye tope mbele yake, analia na kusali kwa pamoja. Mwanamke mwingine akafuata, halafu wengine. Mmoja wa wanaume akavua kofia.

Constant aliangalia kichwa cha mke wake pale chini. Kumfikia mzee ilimpasa kumruka yeye. Aliteremsha panga polepole, pumzi zikimpanda na kushuka kama mtu aliyetoka majini. Kisha akageuka, akawasukuma wenzake, akaenda zake mtoni.

Adhuhuri katekista Wenceslas alikuja na pirogi, wakamvusha Mama Adèle ng'ambo, kwa masista wa misheni. Philomène alikwenda naye, akamshika mkono maji yalipochafuka. Waliporudi, kibanda cha mzee kilikuwa kimechomwa moto, na mpaka leo hakuna anayesema nani alikichoma.

Hilaire aliporudi alikasirika. "Ungekufa wewe na mutoto, kwa ajili ya mutu wa jicho baya?"

"Hana jicho baya," Philomène alisema. "Ni mimi nilikuwa nasema hivyo."

Mama Adèle hakurudi Lubunga tena. Alibaki misheni akichambua maharagwe ya masista, na kila Jumapili baada ya misa Philomène alimpelekea kwanga, mkate wa muhogo, na samaki, akamwachia Timothée mapajani. Mara za kwanza Philomène hakutulia. Alikaa karibu, akihesabu pumzi za mwanawe. Hofu haitoki siku moja.

Constant alimnyima salamu mpaka Kwaresima. Siku moja alimkuta mtoni anafua, akasimama mbali kidogo, nyavu begani.

"Mama Timothée," alisema, akiangalia maji, "Delphine iko na mimba. Anaogopa. Hata mimi naogopa."

Philomène aliweka nguo chini, akakausha mikono kwenye kitenge.

"Alikwenda kwa muganga?"

"Hapana. Alisema tukuite wewe, usali naye."

"Alors, twende," alisema Philomène, akamfuata kupanda kilima.