Kubeba Miaka ya Wilkin

Jumatatu hiyo Yudelka alikuwa anaponda ndizi za kuchemsha na mama yake, Nereida, anakaanga salami, soseji nene ya huko, wakati dalali Plinio alipoingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, akavuta kiti, akasema kwamba Wilkin amezeeka.

Wilkin mwenyewe alikuwa uani, anarusha mpira kwenye tairi lililoning'inizwa ukutani. Alikuwa na miaka ishirini.

"Amezeekaje, Plinio?" mama akauliza. "Hata ndevu hazijamjaa."

"Sisemi mimi, Mama Nereida, wanasema wazungu wa timu. Mrushaji wa miaka ishirini kwao ni salami ya juzi, wanainusa tu wanairudisha. Wanataka wa kumi na sita. Mkono anao, tena mkono wa kutisha! Tumwondolee minne."

Hakuna aliyeshtuka. Santa Fabiola, kijiji cha miwa upande wa San Pedro, kilikuwa kinawapunguza vijana umri tangu timu za besiboli za Marekani zilipoanza kuja kununua mikono. Shida ilikuwa moja tu: miaka ikishamtoka mtu haitupiki. Lazima ipate pa kukaa. Watu walishajaribu kumpa mbuzi, mbuzi akafa kabla ya mchana. Walishajaribu kuiacha kanisani, padri akaota mvi usiku mmoja na Jumapili yake akalalamika madhabahuni. Basi ikawa desturi: dalali anachemsha kahawa isiyo na sukari, na atakayeinywa ndiye anayebeba. Katika kijiji ambacho hata uji wa mtoto hutiwa sukari mpaka unanata, kahawa chungu haikuwa na kazi nyingine.

"Lete hapa," mama akasema. Plinio akachemsha kwenye birika lake, mama akainywa amesimama, akageuza salami isiungue.

Asubuhi iliyofuata aliamka na mvi juu ya paji la uso na goti la kulia linamlalamikia. Alipokwenda dukani kununua mafuta, wanaume waliokuwa wanacheza domino wakasimama wote.

"Hongera, Mama Nereida! Mkataba umepita!"

Ndiyo, hongera. Huko mwanamke aliyeota mvi ghafla ndiye aliyeonewa wivu, na walikuwapo akina mama waliojipaka unga wa ngano kichwani ili mtaa uwaheshimu. Watu wazima na akili zao.

Yudelka, aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya Wilkin, akawa dada mkubwa siku hiyohiyo. Wilkin aliendelea kumtuma maji kama kawaida.

Wilkin akaondoka. Kwanza kwenye kambi ya timu, kisha Marekani, kwenye vile viwanja vyenye majani yaliyochanwa kama nywele. Mpira wake wa kasi ulikuwa unaondoka mkononi na kufika kwenye glovu ya mdakaji kabla mpigaji hajamaliza kupepesa jicho. Dukani waliweka televisheni juu ya friji ya bia, na kila Wilkin alipopanda kile kilima kidogo cha katikati ya uwanja kurusha, kijiji kilinyamaza hadi mbwa. Ukweli usemwe, alikuwa anajua kurusha. Hicho ndicho alichokijua.

Lakini mikataba huisha, na timu huanza kuulizauliza: bega vipi, umri vipi. Kila timu ilipouliza, Plinio alitokea kwa mlango wa nyuma na birika lake. Miaka mitatu leo, miwili safari nyingine. Mama alikunywa. Mgongo ukapinda, meno yakaondoka, macho yakafunikwa na ukungu. Kwa kuzaliwa alikuwa na miaka hamsini na kitu, lakini wazee waliocheza naye utotoni walimwita bibi na kumshika mkono avuke barabara. Wilkin akabaki vilevile, shingo imenyooka, ngozi inang'aa. Mtangazaji mmoja wa televisheni alimuuliza siri ya ujana wake.

"Nalala mapema," Wilkin akasema, "na nakula vizuri."

Loo! Analala mapema!

Alituma vitu, hilo tusimnyime. Alituma friji ya milango miwili, na kiti cha magurudumu kilipohitajika. Nereida alikaa kwenye hicho kiti mbele ya televisheni asiyoiona.

"Ameshinda?"

"Ameshinda, mama," Yudelka alimjibu, hata siku ambazo mipira yake ilipigwa mpaka akaondolewa uwanjani.

Yudelka ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akambeba kitandani. Naye alikuwa na maisha yake, yamewekwa pembeni kama sahani iliyofunikwa. Fremio, fundi pikipiki, alikuwa anamngoja miaka nenda miaka rudi, na kila akiuliza lini, jibu lilikuwa mama akipata nafuu. Uzee hauna nafuu. Wote wawili walijua, ila Fremio alikuwa mtu wa subira.

Siku moja Yudelka akampigia kaka yake simu.

"Wilkin, acha sasa. Mama hawezi hata kushika kijiko."

"Msimu mmoja tu, dada'ngu. Nikistaafu nitarudi nimlee."

"Utamlea nani?"

Simu ikakatika. Mtandao, alisema baadaye.

Nereida alikufa kikombe kikiwa bado cha moto mkononi. Daktari akasema ni uzee, na ilikuwa kweli. Mkataba ulipita mchana ule, kwa hiyo dukani hawakujua waseme pole au hongera, wakasema vyote viwili.

Wilkin akaja kumzika mama. Watu walimpigia makofi makaburini. Wengine walileta mipira awatilie sahihi, naye akatia, akitumia mgongo wa fundi aliyejenga kaburi kama meza. Akakaa mpaka sala za siku ya tisa, kama inavyotakiwa. Wakati wote huo Yudelka alikuwa jikoni: kahawa, biskuti, chai ya tangawizi, viti vya kuazima. Alikuwa amemwambia Fremio kwamba sala zikiisha, wataoana. Alilitamka mwenyewe, kwa sauti, na Fremio akaangusha spana.

Alasiri ya siku ya tisa Plinio akamfuata jikoni, kofia mkononi.

"Timu imebadilisha meneja, mwanangu. Mpya anataka damu changa. Ni miaka michache tu."

"Huyo mke aliyemwoa huko Marekani si yupo?"

"Amekataa. Anasema ngozi yake ndiyo kazi yake."

"Basi na mimi nimekataa. Sinywi, Plinio. Leo sinywi, kesho sinywi. Hicho kibirika chako kawanyweshe wazungu wenyewe!"

"Sawa, sawa. Hakuna anayelazimishwa."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Santa Fabiola hakujawahi kulazimishwa mtu, na wanajivunia hilo mpaka leo.

Jua lilipopungua, sala zikaisha. Yudelka akaketi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, kwenye kile kiti cha magurudumu, kwa kuwa vingine vilikuwa vimejaa. Miguu ilikuwa imevimba. Hapo akamwona Wilkin anatoka jikoni na kikombe. Amekibeba kwa mkono wa kulia, ule uliokatiwa bima, ambao mkataba ulimkataza kushika chochote cha moto.

"Umechoka, dada'ngu," akasema. "Umetuhudumia wote. Kunywa na wewe."

Tangu azaliwe, Wilkin hajawahi kumpelekea mtu yeyote nyumbani mle hata maji. Yudelka akasema moyoni kwamba kifo cha mama kimemfanya mtu. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili na kupiga funda kubwa, la shukrani.

Haikuwa na sukari.

Ilikuwa imeshashuka. Akainua uso kumtazama kaka yake. Wilkin alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wilkin."

"Msimu mmoja tu," akasema.

Asubuhi Yudelka aliamka kwa vituo: kwanza kiwiko, kisha kiuno, kisha akapumzika. Nywele zilizobaki kwenye mto zilikuwa nyeupe. Miaka michache, alisema Plinio. Michache ya Plinio ilikuwa imetosha kumtetemesha mikono. Alipotoka nje, Fremio alikuwa getini amevaa shati lililopigwa pasi. Alipomwona akavua kofia na kumletea kiti kivulini, kwa adabu kabisa, kama anavyoletewa mama mkwe. Hakurudi tena.

"Hongera, Mama Yudelka!" wakapaza sauti kutoka dukani. "Mkataba umepita!"

Gari la uwanja wa ndege lilikuwa linanguruma. Wilkin akatoka na begi, shingo imenyooka, anawahi ndege. Alipofika pale kivulini akainamisha kichwa chake kizuri, maana alilelewa kama kila mtoto wa huko, kwamba hupiti mbele ya mwanamke mzee bila kuomba baraka.

"Nibariki, bibi," akasema.

Yudelka alitaka kutukana. Alikuwa na tusi tayari, tena zuri. Lakini kinywa chake nacho kililelewa nyumba hiyohiyo, kikajibu kabla hajakizuia.

"Mungu akubariki, mwanangu."

Wilkin akaingia garini, akakaa mbele, mkono wa kulia ameulaza juu ya taulo safi. Jikoni, Plinio alikuwa anasuuza birika.