Masufuria Sita ya Mama Donatille

Foto za harusi hapa Goma zote zinafanana: bwana na bibi pembeni ya ziwa, vidole vyao vikichora moyo. Miaka kumi na moja nazipiga, na nimechoka, haki ya Mungu. Nilitaka hata moja tu ambayo mutu akiiona atasema: hii ni kazi yangu, mimi Nabintu.

Jumamosi niliipata. Watu walikuwa wanapeleka zawadi wakicheza. Kwetu kila mwenye zawadi lazima apigwe foto akiishika, kusudi kesho asiambiwe hakuleta kitu. Lakini nikamuona muzee Habarurema, baba wa bibi harusi, amesimama nyuma ya hema, amevua miwani, analia peke yake. Nikazipa zawadi mugongo, nikapiga.

Leo asubuhi dada ya muzee, Mama Donatille, akaingia studio na albamu kwapani.

"Masufuria yangu sita yako wapi?"

"Mama, unisamehe..."

"Nikusamehe nini? Nimecheza nayo kichwani mpaka shingo ikauma, halafu albamu inasema nilikuja mikono mitupu! Weee! Wakwe watanicheka!"

Papa Wenceslas, mwenye studio, akanikazia macho. Alishaniambia: lalamiko moja tena, harusi basi, nitabaki kupiga foto za pasipoti.

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikachukua albamu, nikafungua ukurasa wa mwisho. "Wakati ule nilikuwa napiga hii."

Mama Donatille akatazama. Akatafuta kiti, akakaa.

"Kaka yangu huyu? Siku tulizika mama hakulia. Kwetu machozi ya mwanaume yanatiririka ndani ya tumbo." Akaipapasa foto kwa kidole gumba, kisha akaichomoa. Akaniinamia, sauti chini: "Nitamwambia bosi wako tumeelewana. Masufuria nitayaleta kesho, utanipiga nayo. Lakini hii uifute kwenye mashine, mbele yangu. Wakwe wasimuone hivi."

"Mama, sijawahi kupiga foto nzuri kama hii."

"Najua. Ndiyo sababu naibeba."

Nilisikia uchungu, sitadanganya. Nikafuta. Yeye akaifungia foto ndani ya kitenge, polepole, asiikunje, akamuaga Papa Wenceslas kwa furaha, akatoka.

"Umeona?" Papa Wenceslas akaniambia. "Mteja akiridhika, kazi ni nzuri."

Nikamjibu ndiyo, Papa.