Kinda wa Bundi Siku ya Ruracio

Mwanamke ambaye Debra hakuwahi kumwona alisukuma geti la kwao Uthiru bila kubisha, ndoo ameishika mbali na mwili kana kwamba imejaa makaa.

"Sasa? Wewe ndio mwenye hii kamsitu?"

"Ni ya familia. Karibu."

"Sikai. Naitwa Nakhumicha, nimepanga huko nyuma. Chukua mtu wako."

Ndani ya ndoo, chini ya leso, alikuwamo kinda wa bundi, manyoya kama pamba, macho meusi makubwa.

"Nimemtoa kwa ule mti mlikata jana. Mwenzake alikuwa ashakufa. Mimi bundi namwogopa, usinione hivi! Usiku nilimfunika na sinia. Lakini analia kama katoto. Mlijua wako huko?"

"Hatukujua," Debra alijibu upesi, uso ukimwaka moto.

Alijua. Tangu amalize chuo alikuwa akiutunza msitu huo uliobaki wa babu yake, aking'oa magugu na kutegua mitego ya sungura. Vijana wa kanisa aliwaambia kwamba Mungu hakuumba ndege wa mkosi. Kisha shangazi Waithera akasema wakwe hawataleta mahari penye bundi, naye Debra, aliyetamani mno mama wa mchumba wake Kibe ampende, akamwonyesha fundi wa msumeno mti wenyewe wa bundi kwa kidole chake.

"Basi niahidi mama yake atamfikia," Nakhumicha alisema.

"Naahidi."

Debra alimtia kinda kikapuni, akakifunga juu kwenye mti mwingine karibu na uwanja. Giza lilipoanza kuingia, bundi mkubwa alikuja na panya mdomoni. Akawa anakuja kila jioni, mradi pawe kimya na giza.

Jumamosi, siku ya ruracio, ya kupokea mahari, hema lilijaa wageni wa Kibe, na spika zilitikisa vikombe.

"Muziki uzimwe jua likizama, shangazi."

"Na utawaambia nini?"

"Ukweli."

"Wewe! Sema stima imepotea. Nakuomba, Debra, usituaibishe."

Jua lilizama mama yake Kibe akiwa katikati ya uwanja, anacheza, anacheka. Kikapuni kinda alilia. Bundi mkubwa alitua kwenye uzio, akageuza kichwa kuelekea spika, akaruka zake. Akarudi. Akaruka tena.

Debra alichukua maikrofoni. Uongo wa umeme kupotea ulikuwa tayari ulimini.

"Samahani, mama. Naomba tuzime muziki. Pale juu kuna kinda wa bundi, na mama yake anaogopa kelele. Mwenzake alikufa kwa sababu yangu. Mti wao niliukatisha mimi, ili mpaone pazuri."

Kijana mmoja alipiga mluzi. "Bibi harusi anafuga bundi! Kibe, toroka!"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Muziki ulipozimwa, mama yake Kibe alisimama palepale alipokomea kucheza. Akauendea mkoba wake.

"Tumeshiba," alisema, bila kumtazama Debra. "Tutangulie kabla giza halijakolea."

Kibe alimtazama Debra, kisha akamfuata mama yake. Shangazi Waithera alijifunika uso kwa kitambaa.

Debra alitamani kupiga kelele kwamba alikuwa akitania, warudi, wacheze.

"Sista," mwenye spika alinong'ona, mkono kwenye swichi, "nirudishe ngoma? Bado wako getini."

"Hapana," alisema Debra. "Zima na taa pia."