Zulia Namba Tatu

Lori liliporudi kinyumenyume hadi kwenye mlango wa maktaba mpya, Mama Brashi alikuwa amepiga magoti akikwangua matone ya rangi sakafuni kwa kisu butu. Mafundi walikuwa wameshaondoka tangu jana wakisema wamemaliza. Wao humaliza kazi, matone humbakia yeye.

Ofisa ununuzi aliruka chini, fomu mkononi. "Mama, tia saini hapa upesi. Ijumaa ni uzinduzi na mafundi wa zulia wanasubiri."

"Hata salamu, mwanangu?" Mama Brashi aliuliza bila kuinuka.

Fomu ilitaka saini mbili: ya mwalimu mkuu na ya mtunzaji wa jengo. Mtunzaji ndiye yeye, na cheo hicho hakukiokota. Wiki tatu nyuma, kamati ya shule ilipoletewa sampuli tatu za zulia, watu wazima tisa walibishana juu ya rangi kwa saa nzima. Yeye aliingia na birika la chai, akaomba kusema. Kabla ya kuajiriwa hapo alikuwa amesafisha mazulia ya nyumba ya wageni kwa miaka kumi na mmoja.

"Hilo jeupe lenye manyoya marefu linapendeza," aliwaambia, "lakini litameza vumbi, na watoto watakaa humo humo wakisoma. Wenye pumu watakoma. Nipeni yote matatu, wiki moja tu."

Akayatandika kwenye mlango wa jikoni kwake. Akayamwagia uji, akayapaka wino, akamwambia mumewe, fundi baiskeli, ayakanyage na viatu vyake vya kazi.

"Miaka ishirini nagombezwa kwa kuingia na viatu," mumewe alishangaa, "leo nabembelezwa!"

Siku ya saba la kwanza lilikuwa linanuka, la pili limefumuka nyuzi. La tatu, la kijivu, manyoya mafupi na raba nzito mgongoni, lilitakata kwa brashi na maji ya sabuni. Kamati ikaandika: namba tatu, na mtunzaji wa jengo awe yeye. Mwenyekiti akampigia makofi. Siku hiyo alirudi nyumbani akitembea kama aliyevaa viatu vipya.

Sasa wapakuaji walishusha robota la kwanza. Lilikuwa la kijivu. Mama Brashi alikunja ncha yake na kulitazama mgongoni. Hapakuwa na raba, ila kitambaa chepesi kilichopakwa gundi. Alikisugua kwa tambara lake lenye maji, gundi ikayeyuka na kuwa nyeupe kama maziwa.

"Hili silo," alisema.

"Silo vipi? Rangi si ile ile?"

"Rangi ndiyo. Zulia silo."

Ofisa alicheka. "Mama, wewe ni mfagizi. Zulia ni zulia."

"Wewe utalikanyaga Ijumaa tu, mwanangu. Mimi nitalipigia magoti kila siku."

Mwalimu mkuu, mwanamke mwembamba asiyependa kelele, alitoka ofisini kwake. Aligusa mgongo wa zulia, akatazama gundi nyeupe iliyomganda kidoleni.

"Mwalimu," ofisa alisema, sasa kwa upole, "mgeni rasmi hawezi kufungua maktaba yenye saruji tupu. Utaeleza nini?"

Mwalimu mkuu alifuta kidole, kalamu hakuishika. Ofisa akageukia lango. "Mzee! Hebu njoo utie saini wewe, kama mtunzaji."

Mlinzi, ambaye tangu asubuhi alikuwa amezama kwenye gazeti, alilikunja taratibu akalibana kwapani.

"Mimi sikubahatika kusoma, bwana mkubwa."

Wapakuaji waliangua kicheko, mmoja akalazimika kuliegemea robota. Nusu saa baadaye waliyarudisha yote garini, na lori likaondoka na mzigo wake.

Alasiri Mama Brashi aliitwa ofisini.

"Kaa, Mama Brashi." Mwalimu mkuu alikuwa ameinamia meza. "Wamenipigia simu kutoka juu. Nimelazimishwa kuandika barua hii. Nisamehe."

Ilikuwa barua ya onyo. Mama Brashi alivaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Ulikataa kutia saini mapokezi ya zulia kwa madai kwamba si lile lililochaguliwa, na kwa kukataa huko umechelewesha uzinduzi."

"Na nikipata ya pili?"

"Unaachishwa kazi."

Aliwaza kazi ya baiskeli ya mumewe ilivyodorora, na mtoto wao wa mwisho aliyebakiza mwaka mmoja chuoni.

"Na zulia je?"

"Nimewaandikia kwamba tumelikataa. Sijui kama kuna atakayesoma." Mwalimu mkuu alisukuma kalamu polepole. "Wanataka saini yako, kwamba umepokea onyo."

Kwenye daftari la mahudhurio Mama Brashi alizoea kuparaza herufi mbili tu na kukimbilia ndoo. Safari hii alivuta kiti karibu. Akaandika majina yake yote matatu, herufi moja moja, bila haraka, mstari ukajaa.

"Hii natia saini," alisema. "Kila kilichoandikwa humu ni kweli. Nitolee na nakala, Mwalimu. Nataka mume wangu aione."