Chaki Juu ya Kifuniko

Uongozi wa kiwanda cha nguo unawatangazia wafanyakazi wote kwamba mto wa kiti cha fundi mkuu umebadilishwa rangi, kutoka kijani kuwa kahawia.

Tangazo halikueleza nani angekikalia. Fundi mkuu alikuwa amestaafu, na walioitaka nafasi yake walikuwa wawili: fundi mwanamke mwenye uzoefu kuliko wote karakanani, na mdogo wa mumewe, ambaye alifundishwa kazi na fundi huyo huyo. Methali husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Karakana iliikubali, ikaongeza tu kwamba ndevu nazo zihesabiwe. Mwanamume akitengeneza mashine iliyoshindikana, ana kichwa. Mwanamke akiitengeneza, ana mkono mwepesi.

Desturi ya pale ilikuwa fundi aandike ugonjwa wa mashine kwa chaki juu ya kifuniko kabla ya kugusa skrubu, ili baadaye asidai kwamba alijua tangu mwanzo. Meneja aliagiza nafasi iamuliwe hivyo. Ikachaguliwa mashine ya kufuma iliyokuwa ikitetemeka na kukata nyuzi. Mafundi wengine walikwisha kuikimbia, wakiiita mgonjwa mahututi.

Yule shemeji wa kiume aliizunguka, akaandika: *Mota*.

"Shemeji, mbona unaisingizia mota ya watu?" fundi akamwuliza.

"Andika yako, shemeji. Maneno hayakazi nati."

Fundi aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye bodi ya mashine, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Kisha akaandika kwa herufi kubwa: *Beringi ya kushoto*.

Kifuniko kikafunguliwa. Mota ilikuwa nzima. Beringi ya kushoto ilikuwa imepasuka.

"Kabahatisha!" mmoja akasema kutoka nyuma.

Shemeji akageuka. "Aliyebahatisha ni mimi, na nimekosa. Huyu kanifundisha hata kushika spana. Nikimdharau, nitakuwa nimejitukana mwenyewe."

Meneja akampa fundi mkono. "Hongera, mama. Kweli una akili za kiume."

"Hapana, bwana meneja. Hizi ni zangu, nimezitumia tangu utotoni. Za kiume waachie wenyewe. Wengine hata hawajazitoa kwenye karatasi ya dukani."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alichukua kitambaa, akafuta neno la shemeji yake, lake akaliacha mahali lilipokuwa, akafunga beringi mpya. Mashine ikaanza kufuma bila kukata uzi hata mmoja, naye akasimama kando yake, mikono kiunoni, kama mzazi siku ya matokeo.

Alasiri kamati ya ajira ilikutana. Iliamua kwamba, kwa kuwa imethibitika hitilafu ile ilikuwa nyepesi kiasi cha kugunduliwa na mwanamke, shindano limebatilishwa. Na kwamba nafasi ya fundi mkuu itabaki wazi hadi itakapopatikana mashine yenye hitilafu inayostahili.